UZI: Mmechanga mtaji bila kuandikiana? Tazameni sheria inavyowagawia faida, hasara na madeni

#1 – Wakili_Makole

Wakuu, kwema?

Mavuno ya alizeti yakikaribia, hapa Dodoma watu huanza kuungana. Mmoja ana mashine ya kukamua pale Kizota, mwingine ana hela ya kununulia magunia, wa tatu anazijua njia za vijijini Kongwa na Chamwino. Wanapeana mikono, kazi inaanza. Karatasi hakuna. Nafungua uzi kuhusu sheria inayowabana watu hao, kwa upande wa Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria yao).

Hatuna sheria ya ubia iliyosimama peke yake. Ubia umo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kuanzia kifungu cha 190. Pale unaelezwa kuwa ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida. Basi. Maandishi si sharti, na wala usajili haugusi kuwepo kwa ubia wenyewe. Mkishafanya biashara pamoja mkitafuta faida, nyie ni wabia hata kama mnaitana "mshikaji tu".

Kosa kubwa la watu ni kudhani kwamba bila mkataba hakuna masharti. Masharti yapo, sheria imeyaweka ya kujazia pengo. Pale mlipokaa kimya, yanaingia yenyewe:

– Faida na hasara zinagawanywa sawasawa. Narudia: sawasawa, si kwa kadiri ya mtaji wa kila mtu.
– Hakuna mbia anayelipwa mshahara kwa kufanya kazi ya ubia, hata kama yeye ndiye anayelala kwenye mashine na mwenzake anapita Jumamosi kuuliza mauzo.
– Kila mbia ana haki ya kushiriki uendeshaji.
– Mambo ya kila siku huamuliwa na walio wengi. Kubadili aina ya biashara, au kuingiza mbia mpya, lazima wote wakubali.
– Walio wengi hawawezi kumfukuza mwenzao, isipokuwa mkataba umewapa uwezo huo waziwazi. Kumtoa kwenye grupu la WhatsApp si kumtoa kwenye ubia.
– Vitabu vya hesabu vikae mahali pa biashara, na kila mbia ana haki ya kuvikagua na kunakili.

Hayo yote mnaweza kuyabadili kwa makubaliano. Ambalo hamwezi kulibadili kwa kukubaliana wenyewe kwa wenyewe ni dhima yenu kwa watu wa nje. Huko hakuna ukomo: mali ya biashara ikiisha, mdai anafuata mali zenu binafsi.

Ulizeni.

---

#2 – Zabibu_Hombolo

Mkuu, tuanze na la shambani. Mtu ana ekari mbili za zabibu Hombolo. Mwingine anagharamia mbolea, dawa na vibarua. Wakivuna wanapima, kreti kwa kreti, nusu kwa nusu, kila mmoja anauza kivyake. Huo ni ubia?

---

#3 – Wakili_Makole

@Zabibu_Hombolo Kwa hayo uliyoyaeleza tu, hapana. Kinachogawanywa hapo ni mavuno ghafi, na kugawana mapato ghafi peke yake hakuwafanyi watu kuwa wabia, hata kama wana haki ya pamoja kwenye kinachozalisha mapato hayo. Ukame ukipiga, kila mmoja analia na chake: mwenye shamba kapoteza msimu, mwenye dawa kapoteza dawa. Hakuna hasara ya pamoja ya kugawana.

Geuza kidogo: wanauza zabibu pamoja kwa mnunuzi mmoja, wanatoa gharama zote, kinachobaki wanagawana. Sasa wanagawana faida, na kugawana faida ni dalili nzito ya ubia. Dalili, si hitimisho, maana wapo watu wanaopokea sehemu ya faida na sheria inasema kwa hilo peke yake si wabia: mfanyakazi anayelipwa kwa asilimia ya faida, mkopeshaji ambaye riba yake inapanda na kushuka na faida, mjane au mtoto wa mbia aliyefariki anayepewa posho kutoka kwenye faida, na mtu aliyeuza biashara yake akalipwa kidogokidogo kutoka kwenye faida ya aliyenunua.

Huyo mkopeshaji ndiye hunaswa mara nyingi. Anakopesha milioni 5 kwa makubaliano ya "robo ya faida", halafu anaanza kwenda mwenyewe kupanga bei, anachagua wateja, anatambulishwa kwa madereva kuwa "huyu ni mwenzangu". Madeni yakija, mtu wa nje atasema: nilimwamini kama mbia. Na aliyejionyesha, au akakubali kuonyeshwa, kuwa mbia anawajibika kwa aliyetoa mali au mkopo kwa kuamini hivyo, hata kama kwa ndani hakuwa mbia kamwe.

---

#4 – Hesabu_Safi

Niongeze upande wa namba, maana hiyo "sawasawa" watu wanaisikia hawaielewi mpaka biashara ife.

Chukua wabia watatu wa mashine ya alizeti. A katoa mtaji 12,000,000. B katoa 8,000,000. C hakutoa hela, ndiye fundi na mkamuaji. Katikati ya msimu A akaikopesha biashara 2,000,000 nje ya mtaji wake. Biashara imefungwa, kila kitu kimeuzwa, mkononi mna 16,000,000. Wakulima na mwenye lori wanadai 6,000,000.

Utaratibu wa kulipa ni huu, na haupinduliwi kwa kelele:

1. Watu wa nje kwanza: 6,000,000. Zinabaki 10,000,000.
2. Mkopo wa mbia kwa biashara: A anapewa 2,000,000. Zinabaki 8,000,000.
3. Mitaji. Inatakiwa 20,000,000, ipo 8,000,000. Pengo ni 12,000,000.
4. Kama kingebaki cha juu baada ya mitaji, kingegawanywa kama faida.

Pengo ni hasara. Hasara hufunikwa kwanza na faida iliyopo, halafu na mtaji, mwisho na wabia wenyewe kutoka mifukoni kwa uwiano ule ule wa kugawana faida. Hakuna mkataba, kwa hiyo ni sawasawa: 4,000,000 kila mmoja. A anarudishiwa 8,000,000 (12 kutoa 4). B anarudishiwa 4,000,000 (8 kutoa 4). C analeta 4,000,000.

Jumlisha: 8 zilizopo na 4 za C ni 12, ndizo za A na B. Hesabu imefunga.

---

#5 – Bint_Kondoa

Yaani C aliyekamua mafuta msimu mzima bila mshahara ndiye anayedaiwa milioni nne? Hiyo si haki jamani.

---

#6 – Hesabu_Safi

@Bint_Kondoa Dada, angekuwa na faida angechukua theluthi sawa na wenzake bila kutoa senti tano ya mtaji. Sheria imetazama pande zote mbili. Kama hawakutaka hivyo, mstari mmoja ungetosha: "C hatachangia upungufu wa mtaji", au "hasara zigawanywe kwa uwiano wa mitaji". Kwa huo wa pili A angebeba 7,200,000, B 4,800,000, na C asingebeba kitu.

Na kama C hana hizo nne? Hapo wahasibu hukimbilia kesi ya Uingereza ya Garner dhidi ya Murray ya mwaka 1904. Msimamo wake: wabia wenye uwezo wanabeba mafungu yao ya hasara kama yalivyo, hawalazimiki kuchanga tena fungu la aliyefilisika, upungufu wake unakula kwenye marejesho yao kwa uwiano wa mitaji. Kwa namba zetu, A na B wanahesabiwa kama wameleta 4 kila mmoja juu ya 8 zilizopo, jumla 16. Zikigawanywa kwa uwiano wa mitaji, 12 kwa 8, A ana 9.6 na B ana 6.4. Ondoa zile 4 za kila mmoja: A anaondoka na 5,600,000, B na 2,400,000. Mahakama zetu hazifungwi na kesi ya kule, huwa ni ya kushawishi tu. Kwa hiyo andikeni ninyi wenyewe nini kitatokea, msiiachie kesi ya watu wa 1904.

---

#7 – Gunia_Kibaigwa

Swali la sokoni. Wabia wamekubaliana hakuna kununua kwa mkopo. Mmoja kaenda soko la Kibaigwa, kachukua mahindi magunia 100 kwa mali kauli, kapakia. Mwenye mzigo anamdai nani?

---

#8 – Wakili_Makole

Anawadai wote.

Kila mbia ni wakala wa ubia na wa wenzake. Tendo lake likiwa ni la kawaida kwa aina ya biashara mnayofanya, linawafunga. Biashara yenu ni nafaka, kachukua nafaka. Mwenye mzigo hana kazi ya kuomba kuona makubaliano yenu ya ndani. Mnaponea tu kama mbia hakuwa na mamlaka na huyo muuzaji alijua hivyo, au hakujua wala kuamini kuwa anashughulika na mbia. Ndiyo maana makatazo ya namna hii yasiishie kwenye karatasi yenu: wajulisheni wanaowauzia, hata kwa meseji. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, kwa hiyo usiufute.

Angekwenda kuchukua pikipiki kwa mkopo kwa jina la ubia wa mahindi, hapo mambo mengine; si mwenendo wa kawaida wa biashara hiyo, na mwuzaji angetakiwa kushtuka.

Mdai anaweza kumkaba mmoja alipe deni lote. Huwa anamkaba mwenye nyumba, si mwenye maneno. Aliyelipa ana haki ya kuwadai wenzake mafungu yao, lakini hiyo ni safari yake.

---

#9 – Hesabu_Safi

Tukiwa hapo, tuzungumze Lipa Namba. Ndiyo inayovunja ubia siku hizi kuliko mkopo. Biashara ya watatu, Lipa Namba ya mmoja. Hela ya mafuta inaingia, humo humo analipa ada ya shule, humo humo ananunua mafuta ya gari. Mwisho wa mwezi ukiomba taarifa anakwambia "nyingine zilikuwa zangu". Huwezi kutenganisha, naye pengine hawezi pia.

Dawa: akaunti ya benki kwa jina la biashara, kutoa hela ni kwa sahihi mbili, namba ya malipo iunganishwe na akaunti hiyo. Kila mbia awe na ukurasa wake kwenye daftari wenye sehemu mbili zisizochanganywa: mtaji wake, na alichochukua. Mali bila daftari, wenyewe mnajua inakoishia.

---

#10 – Wakili_Makole

Hiyo inanileta kwenye wajibu wa wabia wao kwa wao, ambao ndio moyo wa sheria hii. Mbia anashika mali ya mwenzake kwa uaminifu wa juu kuliko mfanyabiashara wa kawaida. Upo wajibu wa namna tatu.

Wa kwanza ni kutoa hesabu za kweli na taarifa kamili za kila jambo linalougusa ubia. Si kusubiri kuulizwa. Ukisikia mnunuzi mkubwa anakuja wiki ijayo na bei nzuri, halafu leo unamshawishi mwenzako akuuzie fungu lake bila kumwambia, umevunja wajibu huo, na mauzo hayo yanaweza kutenguliwa.

Wa pili ni faida ya siri. Chochote ulichopata kutokana na shughuli ya ubia, mali yake, jina lake au miunganiko yake, bila ridhaa ya wenzako, unawatolea hesabu. Kule kwenye mashine za alizeti wizi haukai kwenye mafuta, maana madumu yanahesabika kwa macho. Unakaa kwenye mashudu, yale mabaki ya alizeti iliyokamuliwa. Mbia anayesimamia anawauzia wafugaji mashudu jioni, anayaona kama takataka za kiwandani, hela inaingia mfukoni. Mashudu yametokana na alizeti ya ubia, kwenye mashine ya ubia, kwa umeme wa ubia. Ni mapato ya ubia. Vivyo hivyo "cha juu": gunia limenunuliwa 62,000, daftarini limeandikwa 65,000, magunia 200. Hiyo 600,000 inarudi, na hahitajiki mtu kuthibitisha kwamba ubia ulipata hasara. Inatosha kuwa aliipata kwa mgongo wa ubia.

Wa tatu ni kutoshindana. Mbia akifungua biashara ya aina ile ile inayoshindana na ubia bila ridhaa ya wenzake, faida yote ya huko anailipa kwenye ubia. Yote, si theluthi.

---

#11 – Zabibu_Hombolo

Na kama huyo wa mashudu anasema "nilikuwa najilipa kwa kuwa sina mshahara"?

---

#12 – Wakili_Makole

Haimsaidii. Rudi #1: bila makubaliano hakuna ujira wa mbia. Kama anaona kazi yake inastahili malipo, anaomba iandikwe. Hajilipi.

---

#13 – Stakabadhi_Nkuhungu

Upande wa makaratasi nitakwenda haraka.

BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) haisajili ubia, inasajili jina la biashara chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Mkitumia jina lisilokuwa majina yenu halisi, sajilini kupitia mfumo wao wa mtandaoni, ORS. Kila mbia anahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Kinachoharibika hapa: mmoja ndiye anayejua kutumia mfumo, anajaza kama mmiliki pekee "ili iishe haraka". Siku ya ugomvi anatoa cheti chenye jina lake peke yake. Cheti hakifuti ubia wenu, ila sasa kazi ya kuthibitisha mahakamani ni yako. Na kusajili jina hakuwapi kinga ya kampuni. Jina si mtu.

TRA (mamlaka ya mapato): ubia una TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, na unawasilisha ritani (taarifa ya mapato) yake, lakini wenyewe haulipi kodi ya mapato. Faida inagawiwa kwa wabia kwenye hesabu, kila mmoja anatozwa kwa fungu lake, hata kama hukulitoa na bado limelala kwenye mahindi ghalani. "Mshahara" wa mbia hauhesabiwi kuwa gharama ya kupunguza faida, ni namna tu ya kugawana faida hiyo. Wengi wanapangiwa hesabu upya kwa hilo.

Leseni ya biashara ni Jiji la Dodoma kupitia mfumo wa TAUSI, kwa biashara zinazopewa leseni na halmashauri. Na mkataba wenu ulipiwe ushuru wa stempu. Hati isiyo na stempu haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini yake, na watu huwa wanalikumbuka hilo wakiwa tayari kizimbani.

---

#14 – Bint_Kondoa

Mbia akifariki, mjane anakaa kwenye kiti chake?

---

#15 – Wakili_Makole

@Bint_Kondoa Hapana, dada. Kifo cha mbia mmoja kinavunja ubia, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kufilisika nako hivyo hivyo. Mjane au mtoto harithi ubia, anarithi thamani ya fungu la marehemu. Anayedai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mjomba mwenye sauti kubwa msibani. Wabia waliobaki wanapaswa kufunga hesabu hadi siku ya kifo na kulipa. Wakiendelea kufanya biashara kwa mali ile bila kufunga hesabu, mirathi inaweza kudai ama sehemu ya faida iliyotokana na matumizi ya fungu la marehemu, ama riba juu ya fungu hilo.

Andikeni kwenye mkataba: kifo hakivunji ubia kwa waliobaki, fungu linathaminiwa kwa njia hii, linalipwa kwa awamu hizi ndani ya miezi kadhaa. Bila hivyo mnalazimika kuuza mashine katikati ya msimu ili kumlipa msimamizi.

---

#16 – Gunia_Kibaigwa

Na anayejitoa mwenyewe?

---

#17 – Wakili_Makole

Kama ubia hauna muda maalumu, mbia yeyote anaweza kuuvunja kwa kutoa notisi kwa wenzake. Kama mliweka muda, au ni wa kazi moja, mfano kununua na kuuza mzigo mmoja, unasubiri uishe, au unakwenda mahakamani kwa sababu zinazotambulika: mwenzako anavunja makubaliano mara kwa mara, mwenendo wake unaiharibu biashara, biashara ni ya hasara tupu, na kadhalika.

Madeni ya kabla hujatoka yanabaki shingoni mwako mpaka mdai mwenyewe akubali kukuachia. Ahadi ya wenzako kwamba "tutalipa sisi" inawafunga wao kwako, haimfungi mdai. Madeni ya baada ya kutoka nayo yanaweza kukufuata kwa wateja waliokuzoea na hawakuambiwa. Kwa hiyo siku ile ile: barua au meseji kwa kila anayewauzia kwa mkopo, tangazo Gazeti la Serikali kwa wengine, jina litoke BRELA, sahihi itoke benki. Anayeingia mpya kwa upande wake habebi madeni ya kabla yake, isipokuwa akubali.

---

#18 – Mpunguzi_Juu

Si bora kampuni tu yaishe?

---

#19 – Stakabadhi_Nkuhungu

Kwa biashara ya mikopo mikubwa, au yenye hatari ya kugonga watu barabarani, ndiyo. Kampuni ni mtu mwingine kisheria na hisa zako ndizo mpaka wa hasara yako. Lakini kampuni inalipa kodi yake ya asilimia 30, gawio nalo lina kodi, kuna ritani za kila mwaka BRELA na hesabu za kukaguliwa. Na benki itakutaka uweke dhamana binafsi hata hivyo, hapo ile kinga umeirudisha mwenyewe. Kwa mzigo wa msimu mmoja wa watu wawili, ubia wa maandishi kurasa tatu unatosha. Mkizidi 20 hamna hiari, lazima kampuni.

---

#20 – Zabibu_Hombolo

La mwisho kwangu. Mashine imenunuliwa kwa hela ya wote, risiti na kadi ya lori vina jina la mmoja. Ni ya nani?

---

#21 – Wakili_Makole

Iliyonunuliwa kwa fedha za ubia huchukuliwa kuwa mali ya ubia mpaka ithibitike vinginevyo. Jina kwenye kadi halimalizi mjadala. Ila mtu wa tatu aliyeinunua kwa nia njema kwa kutazama kadi atawatesa. Fanyeni hivi: kwenye mkataba weka jedwali la mali, kila kitu na namba yake ya chesesi au ya mashine, tarehe, bei, na hela ilitoka akaunti gani, mwenye jina asaini tamko kwamba anaishika kwa niaba ya ubia. Kinyume chake pia kiandikwe: kama mashine ni ya A peke yake na ubia unaitumia tu, semeni hivyo, la sivyo siku ya kufunga C atasema na theluthi ya mashine ni yake. Kifungu cha usuluhishi kiwekwe chini yake, pamoja na cheo cha atakayemteua msuluhishi, si jina la mtu, maana mtu huyo anaweza kuhama au kufa kabla yenu.

---

#22 – Zabibu_Hombolo

Nimeelewa mkuu. Naandika jedwali sasa hivi, na mashudu nayaweka mstari wa kwanza kwenye mapato.